UZI: Kufakamia usiku, kujichukia asubuhi. Tiba inaanzia kwenye sahani au inaanzia ndani?

#1 Kibo_Kwa_Mbali
Wakuu, salaam. Naomba wanaojua waje kwa hoja.

Kuna binti wa miaka 26, anafanya kazi ofisi ya watalii hapa Arusha. Asubuhi chai ya rangi, mchana tango na tikiti, jioni gym Njiro. Ikifika saa nne usiku anafungua friji: kiporo cha wali, mkate nusu, siagi ya karanga kwa kijiko, kisha anatoka kufuata chipsi kibandani. Anakula amesimama, harakaharaka, taa ya jikoni imezimwa. Kesho yake anashinda na maji "kulipia". Ni mara mbili tatu kwa wiki, tangu mwaka jana. Hatapiki. Uzito wake wa kawaida tu.

Sasa kapata mshauri kwa Zoom anayetumia tiba ya sehemu za ndani: unakaa kimya, unaitafuta ile sehemu yako inayofakamia, unaongea nayo. Mama yake anasema ni kuchezea hela, mtoto apikiwe mtori ale. Dai langu: mama yuko sahihi kuliko mshauri. Nipingeni.

#2 Chuga_Damu
Mtori kwanza, Zoom baadaye. Nimevuta kiti, nasubiri wataalamu.

#3 Sehemu_Zote
Mleta mada, umelihukumu jambo kabla hujalieleza, kwa hiyo ngoja nilieleze.

Tiba hiyo ilianzishwa na Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia, Marekani, miaka ya 1980. Na chakula kimo tangu mwanzo: wateja waliomfungua macho walikuwa na bulimia, yaani kufakamia kisha kujitapisha au kutafuta njia nyingine ya kukitoa chakula. Walikuwa wakimweleza kwamba kuna upande mmoja ndani yao unaowatukana, na mwingine unaokuja kuwashika na kuwalisha. Akaacha kupigana na pande hizo, akaanza kuzihoji jinsi anavyohoji watu wa familia moja.

Makundi ni matatu. Mameneja hupanga ili maumivu yasitokee: kuhesabu kalori, kupima kiuno, kukataa mwaliko wenye pilau. Zimamoto huja maumivu yakishawaka, na hajali maji yataharibu nini ndani ya nyumba. Kufakamia, pombe, kulala mchana kutwa, wote ni zimamoto. Kundi la tatu ni waliofungiwa, yaani sehemu changa zilizobeba aibu, upweke au hofu. Nyuma ya wote hao yupo Mwenyewe, ambaye ni mtulivu na ana hamu ya kujua.

Kwa binti wa #1, tango na tikiti ni meneja. Saa nne usiku ni zimamoto. Kufunga kesho yake ni meneja yuleyule karudi kazini na hasira. Wanapigana wao kwa wao, na wote wawili wanamlinda aliyefungiwa mmoja. Mama akimpikia mtori kwa kumlazimisha, meneja atazidisha ulinzi tu.

#4 Nesi_Zamu
Kabla ya meneja na zimamoto, kuna vipimo. Mtu anayekula sana ghafla au anayepungua bila sababu apimwe sukari, tezi ya shingo (TSH), damu kamili, VVU, na kifua kikuu kama ana kikohozi au jasho la usiku. Kisukari cha aina ya kwanza kinaweza kuanza kwa njaa kali na kupungua uzito, na watu wakakisifia.

Akiwa anatapika au anatumia dawa za kuharisha, ongeza potasiamu na kipimo cha umeme wa moyo. Potasiamu ikishuka moyo hupiga ovyo, na mtu anaweza kuanguka akiwa na sura nzima na mashavu yamejaa. Mashavu hayohayo yasikudanganye: kutapika mara kwa mara huvimbisha tezi za mate chini ya masikio. Aliyetapika asisugue meno papo hapo, asuuze kwa maji asubiri nusu saa hadi saa moja, maana asidi huwa imelainisha jino na mswaki unaling'oa tabaka la juu.

Maswali matano ya kuchuja, yametumika Uingereza tangu 1999: Unajitapisha kwa sababu umeshiba vibaya? Unaogopa kwamba huwezi kujizuia ukila? Umepoteza zaidi ya kilo sita ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene huku wengine wanasema umekonda? Chakula kimetawala maisha yako? "Ndiyo" mbili au zaidi, nenda kaonwe. KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, wana idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro zina kitengo hicho.

#5 Sahani_Tano
Sehemu_Zote, nakuheshimu, lakini umepita juu ya jambo lililo wazi. Binti ameshinda na chai ya rangi, tango na tikiti, halafu akaenda gym. Hiyo ya saa nne usiku ni njaa. Huhitaji kumtafuta aliyefungiwa.

Ancel Keys, Chuo Kikuu cha Minnesota, 1944 hadi 1945: wanaume zaidi ya mia, wazima wa akili, walikula nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24. Wakaanza kuota chakula, kukusanya mapishi, kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walifakamia maelfu ya kalori na bado hawakusikia shibe. Hawakuwa na historia ya aibu ya utotoni. Walikuwa na njaa tu.

Hatua ya kwanza ni kula kwa saa. Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, pasipite zaidi ya saa nne bila kula ukiwa macho. Kwa Arusha:

Saa 1 asubuhi chai ya maziwa, viazi vitamu au mkate, yai. Saa 4 ndizi mbivu mbili au andazi. Saa 7 mchana ugali au wali na maharage, mboga, parachichi. Saa 10 jioni karanga kiganja kimoja na maziwa mgando. Saa 1 na nusu usiku chakula kamili, siyo supu tupu.

Unakula uwe na njaa au usiwe nayo. Umefakamia usiku? Saa 1 asubuhi unakula vilevile. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanaruka chai ili kulipia, na gurudumu linazunguka tena.

#6 Mwanachuo_Majengo
Sahihisho kwa #5: walikuwa wanaume 36, siyo mia. Waliojitolea kuwania nafasi ndio walikuwa wengi. Na kalori zilikuwa kama 1,570 kwa siku. Mengine uliyosema ni sawa.

#7 Chuga_Damu
1,570? Hiyo ni zaidi ya anayokula binti wa #1! Aisee.

#8 Sahani_Tano
Ndiyo hoja yangu, Chuga. Asante.

#9 Mzee_wa_Usharika
Marahaba kwa wote mtakaonisalimu. Nina neno moja. Huku Moshi mtu akisema "ndani yangu kuna mtu ananiambia nile", anapelekwa kwenye maombi kabla hajamaliza sentensi. Anayeileta tiba hii kwetu aanze kwa kuwaeleza wazazi kwamba sehemu si pepo. Asipofanya hivyo, wiki ya pili binti yuko kwenye mkesha, amefungishwa siku tatu kavu, na mnajua #5 alisemaje kuhusu kukaa na njaa.

#10 Sehemu_Zote
Shikamoo mzee. Hapo umegonga penyewe.

Mpaka uko hivi: sehemu ni mvutano ambao mtu anaujua kuwa ni wake. "Upande mmoja nataka kwenda, upande mwingine nataka kulala" ni sehemu. Anayesikia sauti kutoka nje ya kichwa, anayeamriwa asile kwa sababu chakula kimewekewa sumu, huyo siyo wa kukaa kimya na kuangalia ndani, ni wa daktari wa magonjwa ya akili, na haraka. Vilevile mtu anayepotewa na saa nzima asijue alikuwa wapi, asifanye peke yake.

Sasa hatua, kwa sababu naona tunabishania jina.

Peke yako dakika 15 hadi 20. Na mshauri kama saa moja. Usifanye ukiwa na njaa. Usifanye katikati ya kufakamia pia, kwa sababu zimamoto akiwa kazini hasikilizi mtu. Saa moja baada ya mlo ni muda mzuri.

Kwanza unaitafuta. Rudisha akili kwenye dakika ile kabla ya kugusa mlango wa friji, uangalie mwilini iko wapi: taya, koo, chini ya mbavu, viganja. Pili unatulia nayo hapohapo. Tatu unaiacha ijionyeshe: umri, sura, sauti, au ni uzito tu. Si kila mtu anaona picha na hakuna shida.

Nne ndiyo kazi yenyewe. Unajiuliza: najisikiaje kuihusu sehemu hii? Ukijibu "naichukia, imeniharibia maisha", aliyejibu ni meneja. Unamwomba asogee kando, unamhakikishia halitafanyika lolote bila yeye, unauliza tena. Mara tatu, mara tano, mpaka jibu liwe "siielewi, lakini nataka kuielewa". Wengi wanaruka hapa, na yote yanayofuata yanageuka kuwa meneja anamhoji zimamoto kwa fimbo mkononi.

Tano unaisikiliza: kazi yako ni nini, uliianza mimi nikiwa na miaka mingapi, umechoka? Sita: unaogopa nini kitatokea ukiacha? Majibu huwa mafupi. "Atalia." "Watamwona." "Atabaki peke yake." Hapo umeonyeshwa nani amefungiwa, na kwa wiki za mwanzo ishia hapo. Shukuru, fungua macho, kunywa maji. Kumwendea aliyefungiwa bila ruhusa ya walinzi ndiko kunakosababisha watu kufakamia maradufu usiku uleule halafu wanasema tiba imeshindwa.

#11 Ndizi_Mshale
Swali la mtaani: hizo dakika 20 za kimya mnazipata wapi? Nyumba ina watu tisa, TV, kuku, na mashine ya kusaga jirani.

#12 Pumzi_Ndefu
Ndizi_Mshale, wengi hutumia matembezi. Ukiwa Kibosho ingia migombani, ukiwa mjini shuka daladala vituo viwili kabla. Hatua ya kwanza hadi ya tatu zinawezekana ukitembea taratibu. Ya nne unaweza kuiandika.

Ila naomba nilete njia ya tatu, maana naona #3 na #5 wamegawana uwanja. Eugene Gendlin, Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa na njia ya kuusikiliza mwili bila kutoa vyeo. Hakuna meneja wala zimamoto. Unaondoa vitu akilini kimoja kimoja na kuviweka pembeni. Unachagua kimoja, mfano "chakula na mimi". Unasubiri mwili utoe hisia isiyo na jina, mara nyingi kati ya koo na tumbo. Unaitafutia neno: "kubanwa"? hapana, "uzito"? hapana, "kusubiri"... ndiyo. Unalirudisha neno kwenye hisia uone kama vinaoana. Likioana kuna kulegea unakokusikia kabisa, pumzi inashuka yenyewe. Kisha unauliza: kusubiri nini? Unapokea kinachokuja bila kukihukumu.

Naipenda kwa chakula kwa sababu inafanyika dakika moja kabla ya kula. Njaa ya tumbo hupanda polepole, hukubali hata kande, na shibe huimaliza. Njaa ya kifuani huja ghafla na hutaka kitu kimoja tu, chipsi zege na pilipili, siyo kingine.

#13 Sahani_Tano
Nakataa kipande cha mwisho, na ni kipande kinachoumiza watu. Mtu aliyejinyima wiki nzima naye anapata njaa ya ghafla inayotaka chipsi. Chipsi ni wanga na mafuta, vitu ambavyo mwili umenyimwa. Ukimwambia hiyo siyo njaa ya kweli, umempa meneja wake silaha mpya (natumia lugha yenu mnielewe).

Pia dalili za njaa na shibe huvurugika kwa anayeruka milo. Kumwambia wiki ya kwanza "sikiliza tumbo" ni bure, tumbo halisemi kweli bado. Ale kwa saa kwanza, wiki kadhaa, dalili zitarudi zenyewe. Kusikiliza kunafuata baadaye.

#14 Pumzi_Ndefu
Nakubali nusu. Kwa anayeruka milo, ndiyo. Lakini wapo wanaokula milo mitano vizuri kabisa na bado saa nne usiku iko palepale. Hao wana njaa gani?

#15 Sehemu_Zote
Ndio hao ninaowasubiri mimi.

#16 Bi_Mkubwa_Sakina
Mnaongea chakula na roho, mnasahau midomo ya watu. Hapa kwetu ukikonda unaulizwa unaumwa nini, na kila mtu anajua wanamaanisha ugonjwa gani. Ukinenepa unaambiwa "umependeza, mume anakutunza", halafu binamu yako anakuonyesha kwenye simu mazoezi ya kupunguza tumbo. Mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu, mtori, maziwa, supu ya kongoro, "kula mzazi, kula". Akitoka tu, wale waliomlisha wanauliza tumbo litarudi lini. Hao hawajafungiwa ndani ya mtu, wamekaa sebuleni.

#17 Meku_wa_Machame
Bi Mkubwa ameua uzi. Mimi naongeza: haya ni magonjwa ya Wazungu, yameletwa na simu. Zamani hayakuwepo.

#18 Mwanachuo_Majengo
Meku, bulimia ilielezwa na Gerald Russell London mwaka 1979, kabla ya simu unayoitaja. Lakini usemi wako una chembe ya kweli. Fiji, jimbo la Nadroga, televisheni iliingia 1995. Anne Becker na wenzake waliwapima wasichana wa sekondari mwaka huo na tena 1998. Waliokuwa na alama za juu kwenye dodoso la ulaji uliovurugika walitoka 12.7% hadi 29.2%. Waliojitapisha ili kupunguza uzito walitoka sifuri hadi 11.3%. Na Fiji ni mahali ambapo mwili mnene ulikuwa sifa, sawa na huku.

Na kwa kuwa tunapimana ushahidi: tiba ya fikra na tabia ya Christopher Fairburn wa Oxford ndiyo iliyopimwa zaidi kwa watu wazima wenye kufakamia na bulimia. Vikao 20 ndani ya wiki 20. Kwa aliyekonda sana vikao 40 hivi. Kula kwa saa kwa #5 kumetoka huko. Mwongozo wa Uingereza wa 2017 unaanza na kitabu cha kujisaidia chenye msimamizi, vikao vifupi 4 hadi 9 vya dakika 20 ndani ya wiki 16. Tiba ya sehemu za ndani kwa upande wa chakula ina ushahidi mwembamba. Jaribio lake linalotajwa sana, la 2013, lilihusu baridi yabisi.

#19 Sehemu_Zote
Sikatai. Ila ushahidi mwembamba siyo ushahidi kwamba haifanyi kazi, na hata ya Fairburn haiponyi kila mtu.

#20 Nesi_Zamu
Hapo nakubaliana na wote, lakini kuna mstari: aliyekonda sana, anayezimia, mapigo ya moyo yakiwa chini ya 50 akiwa amekaa, miguu ya baridi, hedhi imekata, huyo asipelekwe kwenye kikao cha kuangalia ndani kwanza. Ubongo wenye njaa hauna utulivu wa kuongea na sehemu yoyote. Na asishindiliwe mtori sufuria nzima siku ya kwanza. Mwili uliokaa bila chakula muda mrefu ukipewa wanga mwingi ghafla, fosfati kwenye damu inaporomoka na moyo unaweza kusimama. Anaanzishiwa hospitali, kidogo kidogo, na vitamini B1 kabla ya wanga. Nawaambia hasa kina mama wenye huruma ya sufuria.

#21 Ndizi_Mshale
Na ile chai ya kupunguza tumbo wanayouza masokoni? Wengine wanasema inasafisha hata "mizigo ya ndani".

#22 Nesi_Zamu
Nyingi zina majani ya sena. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Kalori zilishanyonywa juu, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na potasiamu. Mizani inashuka asubuhi, inarudi jioni ukinywa maji. Ukiizoea, utumbo unaweza kuwa mvivu. Ukiiacha unavimba miguu na uso siku kadhaa, kwa wengine wiki moja mbili, na hapo ndipo watu wanairudia wakidhani wamenenepa. Ni maji tu, yatatoka.

#23 Fundi_Kiboriloni
Nisiye daktari naomba nafasi, maana upande wa mwili mmeugusa kidogo sana. Ukitaka kumjua mtu anayeuchukia mwili wake, mpime sare ya harusi. Anashika pumzi. Anashika tepu pale kiunoni aibane zaidi. Anasema "shona hivyohivyo, nitapungua kabla ya Jumamosi". Gauni likishonwa kwa kiuno cha Jumamosi isiyofika, siku ya sherehe hawezi kukaa, hali kitu, na usiku ndiyo ile ya #1.

Fundi mwenye akili afanye hivi: asitaje namba kwa sauti, aandike tu. Apime mteja akiwa amepumua nje kawaida. Aache sentimita mbili hadi tatu za nafasi kiunoni na pindo la ndani la kuachia. Na mteja asibaki na nguo ya "siku nitakapopungua" kabatini. Aipeleke kwa anayetoshwa nayo.

#24 Sahani_Tano
Fundi, umeeleza kitu chenye jina kwenye vitabu vyetu: kujikagua mwili. Kubana nyama za tumbo kwa vidole, kujaribu sketi ileile kila asubuhi, kujiangalia kwenye kila kioo cha gari. Kazi ya mtu ni kuhesabu siku mbili tu ni mara ngapi anafanya hivyo, kisha kuacha moja baada ya nyingine. Kioo ni kwa ajili ya kitu maalum: kitambaa kimekaa sawa, uso umeoshwa, ondoka.

Na karatasi ya kumbukumbu ya chakula, ambayo mtu huijaza kila anapokula, sikuieleza. Safu sita: saa, nilichokula na kunywa, mahali, nyota kama nimeona nimekula kupita kiasi, T kama nimetapika au kutumia dawa, mwisho kilichokuwa kinaendelea. Hakuna kalori. Unaandika palepale, siyo usiku. Anayeandika usiku anaandika hadithi.

#25 Sehemu_Zote
Safu ya sita ndiyo mlango wangu. Ukiona nyota tano na kwenye zote tano imeandikwa "simu ya nyumbani", tayari unajua uende kumsikiliza nani. Hata mimi nawaambia watu wale kwa saa. Tofauti yetu ni kwamba namhoji yule anayekataa kula saa 7 mchana kabla ya kumshurutisha.

#26 Sahani_Tano
Na mimi naona ukimngoja akubali, saa nne usiku imeshafika. Mizani je? Sisi mara moja kwa wiki, siku ileile, basi.

#27 Sehemu_Zote
Sisi wengi tunaificha kabisa. Namba ni chakula cha meneja.

#28 Sahani_Tano
Ukiificha, anabaki na namba aliyoibuni kichwani, na hiyo huwa mbaya kuliko ya mizani. Hapa hatutaelewana leo.

#29 Salma_Soweto
Kuhusu kufunga, kwa kuwa #9 aligusia. Ramadhani na Kwaresima ni maficho mazuri ya anayejinyima, hakuna wa kumuuliza. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga katika Uislamu, na maradhi ya ulaji ni maradhi. Anayefunga huku ana historia ya kufakamia, asifike futari akiwa na mpango wa kula "kidogo tu". Tende na uji, aswali, apumzike, kisha chakula kamili, na daku asiiruke hata kama hana hamu.

#30 Chuga_Damu
Dawa je? Nimesikia kuna vidonge.

#31 Nesi_Zamu
Fluoksetini kwa bulimia hufikishwa miligramu 60 kwa siku, na daktari, siyo duka la dawa. Kuna dawa nyingine ya sonona, bupropioni, isitumike kabisa kwa mwenye bulimia kwa sababu huongeza hatari ya degedege. Ndiyo maana nasema siyo duka la dawa.

#32 Meku_wa_Machame
Desemba inakuja, watu wanapanda mlimani. Ndafu, kisusio, mbege, kiburu. Mgonjwa wenu wa sahani tano atapona vipi pale?

#33 Chuga_Damu
Meku, kwenu ndafu inakatwa vipande vya kuhesabu, hakuna wa kufakamia. Mangi ana meneja mkali kuliko wote.

#34 Sahani_Tano
Hahaa. Kwa uzito: sherehe ya saa 9 usiende na tumbo tupu "kubakiza nafasi". Saa 1, saa 4 na saa 7 kula kawaida. Kule kaa chini, sahani moja yenye kila kitu unachokipenda, ule kwa mkono wako mwenyewe bila kuchovyachovya jikoni ukipakua. Shangazi akisema ongeza, "asante, imenitosha, nitabeba". Kisha chakula cha usiku hata kidogo. Mbege ihesabu, inalegeza kila mpango.

#35 Pumzi_Ndefu
Na dakika moja nje ya boma kabla ya kupakua. Unauliza tu kifua kimekaaje.

#36 Kibo_Kwa_Mbali
Asanteni. Kwa hiyo mama au mshauri?

#37 Bi_Mkubwa_Sakina
Mama apike, mshauri ahoji, na nyie midomo mfunge.

#38 Sahani_Tano
Mama apike saa 7 mchana, siyo akimwona amekonda.

#39 Sehemu_Zote
Na mshauri aulizwe swali moja: kabla ya kuangalia ndani, huwa unamuuliza mteja amekula nini leo? Asiyeuliza, badilisha mshauri. Kwa hilo niko na Sahani_Tano.

#40 Mama_Chekereni
Samahani kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka 12 anayeficha chakula kwenye begi la shule na kukitupa, anaingia wapi kati ya hizi njia?

#41 Nesi_Zamu
Asiingie kwenye yoyote kati ya hizi peke yake, dada. Kwa umri huo wazazi ndio wanaoshika milo: mzazi anapakua, anakaa naye mpaka amalize, hakuna mjadala wa kalori mezani, na hakuna kumlaumu. Njia hiyo imetoka London miaka ya 1980 na ndiyo ya kwanza kwa vijana. Fungua uzi wako, utapotea humu. Lete umri, urefu, uzito wa sasa na wa miezi iliyopita. Kadi ya kliniki huishia miaka mitano, kwa hiyo kama hana kumbukumbu, angalia sare: mtoto wa miaka 12 anarefuka, sketi ya mwaka jana ikiwa inamlegea kiunoni, mpeleke wiki hii, usisubiri likizo.